Masanduku Mawili ya Kijani

Fundi wa bati wa karibu na soko la Kamina alimwuliza baba mara mbili kama alikuwa amesema vizuri. Mtu anayepeleka mtoto shule ya mbali huagiza sanduku moja. Baba aliagiza mawili, ya ukubwa mmoja, yote kijani, kila moja na kufuli lake.

"Iko ya bana mapasa," baba akamwambia.

"Aa! Ungesema vile tangu mwanzo, papa."

Fundi akachukua kipimo chake na hakuuliza tena. Wakati ule nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire, na katika Kamina neno hilo lilitosha. Mapasa ni pacha, na mwenye pacha hanunui kitu kimoja.

Pacha wa nyumbani kwetu walikuwa kaka yangu na dada yangu. Mimi niliwafuata. Kwetu Waluba, alichopewa mmoja hupewa mwenzake, siku ile ile, kitu kile kile. Sandali za kaka zilipokatika, dada naye alinunuliwa sandali, ingawa zake zilikuwa nzima. Kaka alipochapwa kwa kuacha mbuzi waingie katika mihogo, dada aliitwa akapigwa kofi dogo mkononi, na mama akamwomba radhi papo hapo. Kaka alipopata homa, wote wawili walimeza kwinini. Dada yangu amemeza kwinini nyingi sana kwa homa za mtu mwingine. Mimi nilikuwa na heshima yangu ndogo ya kuwa mfuasi wa mapasa, lakini heshima hiyo haikuja na sandali. Nilivaa zile alizoacha dada.

Baba alikuwa na shamba la mihogo, mahindi na karanga kando ya barabara ya Kabongo, na siku ya Jumapili alikuwa katekista. Alipenda kusema kwamba mambo ya mapasa ni desturi ya wazee, si ya Kanisa. Akishasema hivyo, alikwenda kununua viwili.

Mwaka ninaousimulia, wote wawili walipata diploma ya Serikali, kaka kwa mapadri na dada kwa masista. Kwa mtoto wa mkulima, diploma hiyo ilikuwa mwisho wa njia. Chuo kikuu kilikuwa Lubumbashi au Kinshasa, na huko mtu alihitaji mahali pa kulala, chakula na vitabu. Mihogo yetu isingefika huko. Waliomaliza kabla yao walikuwa wamerudi shambani, au walikuwa wanauza chumvi na sabuni sokoni huku diploma zao zimetundikwa ukutani.

Ndipo tangazo la jeshi likaja. Lilisomwa shuleni, likasomwa tena kanisani baada ya misa. Jeshi lilitafuta vijana wenye diploma ili liwalipie masomo ya udaktari na uhandisi Kinshasa. Wakati wa likizo wangejifunza uofisa. Wakimaliza, wangekuwa mali ya jeshi kwa miaka mingi kuliko ya masomo yenyewe. Majaribio yangefanyika pale pale katika kambi yetu kubwa ya ndege, nje ya mji.

Familia za wakulima hazikujua zicheke au zilie. Kwa wazee wengi, askari alikuwa mtu anayekuja kijijini na kuondoka na kuku. Sasa askari huyo alikuwa anataka mtoto, na alikuwa tayari kumsomesha. Jirani yetu mmoja, mzee wa misokoto miwili ya tumbaku kwa siku, alimwambia baba: "Mbele alikuwa anakamata kuku bule. Leo anakamata mutoto na anamufundisha. Iko maendeleo."

Mama alilijua jeshi kuliko sisi sote kwa sababu alikuwa analiuzia unga. Mteja wake mkubwa pale kambini alikuwa mke wa sajini, mwanamke mnene wa kutoka Ekwata, jimbo la kaskazini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala ndani kama karanga ndani ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo. Walikuwa marafiki. Jumamosi moja alikuja nyumbani kutueleza. Alikaa kwenye kiti cha baba bila kuuliza, akakunja kitenge chake magotini.

"Mama ya mapasa, sikia. Jeshi inalipa masomo. Inamupatia kitanda, bukari, na mwisho wa mwezi prime, feza kidogo ya sabuni. Lakini akisha kutia sahihi, iko yake. Ikisema aende Kisangani, anaenda. Ikisema arudie, anarudia."

"Na kama anasema hapana?" baba akauliza.

Mke wa sajini alicheka mpaka kitenge kikafunguka. "Tata! Bwana yangu iko na miaka mingi mu jeshi. Ile neno hajaijua mupaka leo."

Baba alivuta kigoda akaketi. Kisha akasema jambo ambalo sote tulijua angelisema. "Muzuri. Mutoto mwanaume ataenda."

Mama alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua uso. "Na mwenzake?"

"Nitamununulia mashine ya kushona."

"Mashine njo chuo kikuu?"

"Mama, usianze."

"Minyi sianze kitu. Nilizaa babili siku moja. Nauliza tu."

Dada alikuwa amesimama mlangoni, kushoto kwa kaka, kama kawaida yake. Alikuwa kushoto kwake siku zote. Njiani alitembea kushoto, kwenye mkeka alikaa kushoto. Hata kanisani, ambako wanawake walikaa upande wao na wanaume upande wao, kaka alishika mwisho wa benchi la wanaume na dada mwisho wa benchi la wanawake, njia ya katikati tu ikiwatenga. Sisi tuliona ni mapenzi ya pacha, na hatukuwaza zaidi.

Ni mke wa sajini aliyeingilia. "Lakini basichana pia banakamatwa! Pale kambi tuko na liyetena mwanamuke, ofisa munganga. Anapiga basoda sindano mu matako, na banamupigia saluti mbele ya kushusha suruali."

Baba alikohoa na kutazama picha ya Bikira Maria. Kaka aliangua kicheko. Dada hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Banasomea wapi ile kazi, mama?" Nilipomtazama nikaona kwamba alikuwa amekwisha kuondoka nyumbani, mwili tu ndio uliobaki mlangoni.

Baba alikubali dada ajiandikishe. Baadaye mama alinieleza hesabu aliyoipiga baba kichwani. Alidhani kwamba dada angeandikishwa, angeshindwa, desturi ingekuwa imetimizwa, na mashine ya kushona ingenunuliwa kwa amani. Ndipo alipokwenda kwa fundi wa bati, kwani tangazo lilisema wenye kupita wataondoka upesi, kila mtu na sanduku lake la bati. Hata mashine ilihitaji sanduku la vitambaa.

Siku ya majaribio tulipanda lori la kambi, lile lililowarudisha wake za askari kutoka sokoni. Mimi nilikuwa nimechukuliwa ili nibebe chakula, bukari, yaani ugali, na maharagwe katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Wale wanawake walitubana kwa maswali njia nzima. Mmoja alimpima dada kwa macho, akasema ni mwembamba mno, upepo wa ndege utamrusha. Mwingine akamjibu kwamba hata mume wake alikuwa mwembamba alipoingia, ni bia ya kapteni iliyomnenepesha.

Jaribio la kuandika lilifanyika ndani ya jumba la ndege ambalo halikuwa na ndege. Mimi nilikaa nje, chini ya ukuta, na niliona migongo yao tu, kila mmoja mbali na mwenzake. Baada ya hapo walipangwa foleni mbele ya nyumba ya waganga, zahanati ya kambi. Kaka na dada walifika mlangoni pamoja. Koplo akamzuia dada.

"Basichana kule."

"Tunaingia pamoja," dada akasema. "Sisi mapasa."

"Mapasa?" Koplo akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Mu jeshi kila muntu anazaliwa peke yake. Kule!"

Foleni nzima ilicheka. Dada alikwenda kule, lakini alikuwa anageuka nyuma kila hatua.

Alitoka wa kwanza. Alikuja kukaa karibu nami, na nilipomfungulia bakuli akalisukuma.

"Bamekutesa?" nikamwuliza.

"Hapana. Minyi niko salama." Akautazama ule mlango, akasema polepole: "Batamupima masikio."

"Na kisha?"

"Sikio yake ya kushoto haisikie. Tangu surua. Weye ulikuwa ungali mumugongo ya mama."

Nilimtazama kama mtu anayeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiona. Miaka yote ile ya kukaa kushoto, ya kurudia maneno ya watu kana kwamba anacheza, ya kujibu kabla kaka hajaulizwa. Hawakuwa wameficha kwa hila. Walikuwa watoto wadogo sikio lilipokufa, wakalipanga jambo hilo kati yao wawili kama watoto wanavyopanga mchezo, na mchezo haukuisha. Mwalimu alimsifu kaka kwa utulivu. Mama alidhani ana mawazo mengi.

Kaka alitoka akitabasamu bado. Alitueleza kwamba mganga alisimama nyuma yake na kunong'ona, naye alitakiwa arudie. Upande wa kulia alirudia yote.

"Na kushoto?" dada akauliza.

"Kushoto nilingojea tu. Nikafikiri hajaanza."

Jioni, kabla ya jua kushuka, ajuda mmoja, askari wa cheo juu ya sajini, alisimama juu ya kijukwaa cha saruji akasoma majina ya waliopita. Jina la dada lilisomwa. Tulingoja lifuatwe. Nyumbani kwetu majina yao hayakuwahi kutamkwa moja bila lingine, hata wakiitwa kwenda kuteka maji. Ajuda akasoma jina la mtu wa Kabongo, halafu la mtu mwingine, akakunja karatasi yake, akashuka.

Dada hakufurahi na hakulia. Aliona kwanza kaka yuko upande gani, akahamia kushoto kwake, akarudia kwa sauti kile ambacho huenda hakukisikia. Kaka akamshika bega. "Nimesikia," akasema. "Alipiga kelele ya kutosha."

Wakati huo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na ilikuwa nyumbani. Mzazi alipaswa kufika kambini kutia sahihi kabla ya siku ya ndege ya kwenda Kinshasa. Bila sahihi, nafasi ingepewa mwingine, na waliokuwa wanaingoja hawakuwa wachache. Kwa dada hapakuwa na tangazo la pili. Ama aende na ndege ile, ama akae na diploma yake ukutani.

Baba alisikiliza habari yote akiwa amekaa. Habari ya sikio alitaka irudiwe mara kadhaa, akamwita kaka, akamsemesha upande huu na upande ule, akaguna. Mwisho akasema: "Basi. Hakuna mwenye kwenda. Mapasa habatenganishwe."

Mama alimgeukia. "Leo njo umejua mapasa?"

"Niliwajua siku zote. Si nilinunua masanduku mawili?"

Hatukutegemea mama aishie hapo, lakini alirudi jikoni. Alikuwa amenaswa na neno lake mwenyewe. Baba alikuwa analitumia neno la mapasa kama mlango wa kufungia. Hofu yake ilikuwa nyingine: binti mmoja katikati ya askari wengi, mbali, Kinshasa. Mama, kwa upande wake, alilisema neno hilo kwa imani. Aliamini kabisa kwamba ukimpa pacha mmoja na kumnyima mwingine, aliyenyimwa huugua, na wakati mwingine huugua yule aliyepewa. Alikuwa amewapigania wawili wapate. Sasa alikuwa amepewa mmoja, na mkono wake haukuweza kupokea.

"Minyi nilisema babili," aliniambia jikoni, akipepea moto wa makaa ambao ulikuwa unawaka vizuri bila kupepewa. "Ningesema mumoja, leo ningekuwa na nguvu ya kusema."

Mke wa sajini alikuja kugombana na baba. Tulimsikia tangu barabarani. "Tata, unaogopa basoda? Nitazame. Minyi muke ya soda. Nimeoza wapi?" Akamwambia kwamba msichana mwenye nyota begani hasumbuliwi na askari, bali ndiye anayewasumbua. Baba alimpa kiti, akampa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akamsikiliza kwa heshima, na hakwenda kutia sahihi.

Siku zilipita. Masanduku yalikuwa yameletwa, yakawekwa sebuleni moja juu ya jingine, yanatoa harufu ya rangi mbichi. Kila mgeni aliyeingia aliyapongeza. Dada aliyapita kila asubuhi akienda kuteka maji, na sikumwona akiyatazama hata mara moja. Hakuomba. Mtoto wa kike aliyelelewa na masista hakujua kuomba kitu kwa baba zaidi ya mara moja, na yeye alikuwa amekwisha kuuliza swali lake siku ile mlangoni.

Aliyefanya kitu ni kaka. Asubuhi moja alichukua kinga ya baba, baiskeli ile nzito yenye kiti cha mbao nyuma, akaenda mjini bila kumuaga mtu. Alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamkuta baba anafunga jembe mpini.

"Baba, nimepata kazi. Kufundisha, ku Luena. Padri wa mashule anasema mwalimu wao aliondoka. Bananipatia chumba karibu na kanisa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliuliza siku gani naweza kuanza. Nikachagua siku ya ndege."

Baba aliacha mpini. Mama alitoka jikoni na mikono yenye unga. Kisha akaanza kumhoji, na sijawahi kusikia mahojiano kama yale tena, hata kwa maofisa wa mipaka niliyovuka baadaye. Utalala kitanda kisicho cha nyumbani? Ndiyo. Utapewa chakula na wageni? Ndiyo. Kuna kazi mbele yako, si kutembea tu? Ndiyo. Utatoka mlango huu siku ile ile na saa ile ile? Ndiyo, mama. Alikuwa anapima kama mtu anayepima vitambaa viwili ubavu kwa ubavu. Luena haikuwa Kinshasa. Alilijua hilo. Lakini kuondoka ni kuondoka.

Kisha akakumbuka. "Na ile sikio? Nani atakaa upande wako?"

"Mama," kaka akasema, "mwalimu njo anasema. Bana njo banasikia."

Baba alijaribu kujizuia. Alitazama jembe, akatazama paa, halafu akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa njia asiyoitarajia. Dada alikuwa pale, kushoto, na ndoo kichwani. Aliitua chini polepole sana asimwage tone.

Kesho yake baba alivaa abakosti, suti yake ya Jumapili isiyo na tai, akapanda lori la kambi. Mke wa sajini ndiye aliyetusimulia yaliyotokea. Ofisa alimwuliza kama anakubali binti yake ajiunge na jeshi la nchi. Baba akajibu: "Nimekubali kwa wote wawili." Ofisa akatafuta karatasi ya wa pili, hakuiona, akauliza wa pili yuko wapi. "Huyo ni wa mapadri," baba akasema, akatia sahihi yake ya katekista, ndefu, yenye mkia.

Mama alipakia masanduku yote mawili kwa wakati mmoja, kipande huku, kipande kule. Jeshi lilikuwa limesema kila mtu alete shuka mbili nyeupe, chandarua, sahani ya bati, viatu vyeusi na wembe wa ndevu. Maagizo yale yalikuwa ya wanaume. Mama hakujali. Kilichoingia hili kiliingia lile. Naye akaongeza vyake: karanga za kukaanga, rozari, vitenge viwili. Kwa hiyo dada yangu alifika Kinshasa na wembe wa ndevu, na kaka yangu alifika Luena na vitenge viwili vya maua. Alivitumia kama mapazia. Wembe sijui ulitumika kwa nini, lakini dada hakuutupa.

Asubuhi ya kuondoka mama aliwasimamisha mlangoni, akaleta pemba, ule udongo mweupe wa baraka, katika kibakuli. Baba alikuwa hapendi pemba. Alisimama pembeni kama katekista anavyosimama. Lakini mama alihitaji mikono yote miwili, ili apake mapaji mawili ya uso kwa mpigo mmoja, asitangulie huyu wala yule, na kibakuli hakikuwa na pa kukaa. Baba akakishika. Mama alichovya vidole vya mkono wa kulia na vya kushoto, akawapaka, akasema maneno ya Kiluba ambayo sitayaandika. Kisha walivuka kizingiti pamoja, mabega yakibanana mlangoni, kila mmoja na sanduku lake, wakagongana kwa kelele ya bati mpaka mbwa akakimbia.

Barabarani waliachana. Baba na dada walikwenda upande wa lori la kambi. Mimi na kaka tulifunga sanduku kwenye kinga na kuisukuma mpaka stesheni. Sikuona wakiagana kwa maneno. Dada alikwenda hatua chache, akarudi, akamzunguka kaka mpaka upande wake wa kulia, akasema kitu, akaondoka.

Ndege tuliiona tukiwa stesheni. Ilipita juu ya mabehewa, ikageuka, ikapotea. Treni ya kaka haikuja. Mkuu wa stesheni alisema kuna behewa limetoka relini huko mbele, labda kesho, labda kesho kutwa. Nilimwambia kaka turudi nyumbani tule. Akanitazama kama nimetukana.

"Nirudi nyumbani? Yeye iko juu angani, na minyi nirudi kula bukari ya mama?"

Akaketi juu ya sanduku lake. Nilirudi peke yangu na kinga. Mama hakuuliza kama treni imeondoka. Aliuliza kama sanduku limerudi, nikasema hapana, akapumua. Nilimpelekea kaka chakula pale stesheni mpaka treni ilipokuja, na mama alihakikisha kila mara kwamba bakuli ndilo linalorudi, si mtu. Watu wa stesheni walimzoea kaka. Nilikaa kushoto kwake kwa sababu niliona upande huo una nafasi. Akaniambia nihamie kulia. "Ile upande ingali na muntu," akasema.

Zamu yangu ilipofika, mlango ule wa jeshi ulikuwa umefungwa. Nilimaliza sekondari katika miaka mibaya, askari wenyewe hawakulipwa, na hakuna aliyekuja tena kanisani kusoma tangazo la masomo. Dada alikuwa ndani tayari, akamaliza, ingawa alikula vibaya na alichelewa. Akawa mganga wa jeshi, akapewa nyota zake, akatumwa Kisangani kisha kwingine, na neno la hapana hakulitumia, kama tulivyoonywa. Kaka alibaki Luena. Mimi sikubaki popote. Nimeishi Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, nimevuka ziwa mpaka Kigoma na nikarudi, nimeuza vitambaa, nimefanya kazi katika hoteli, na kila mji nimeupenda kwa muda kisha nikaanza kuukumbuka mji uliotangulia. Hakuna mtu aliyenitengenezea sanduku. Natembea na mifuko.

Kila nikipita mahali alipotumwa dada nashukia kwake. Anazeeka vizuri. Jioni hupenda kutembea, na mimi humfuata. Kabla hatujafika mbali hunishika kiwiko, hunisogeza bila kukatisha maneno yake, akanizunguka mpaka awe kushoto kwangu. Hufanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa kanali wake. Mimi nasikia vizuri kwa masikio yote mawili. Lakini namwachia.